Fundi cherehani na ukomo wa hedhi: namna ya kukatiza kukaa kwa muda mrefu bila kuchelewesha kazi

Nashona Morogoro, nina miaka 52 na hedhi imeshakoma. Msimu wa sare za shule, Desemba kuingia Januari, fundi anaweza kushinda kwenye cherehani tangu asubuhi hadi magharibi. Kukaa hivyo hakumfai mtu yeyote, lakini sisi wa umri huu tuna sababu zaidi ya kuhofia. Homoni ya estrojeni husaidia mishipa ya damu kutanuka. Hedhi inapokoma, homoni hiyo hupungua sana, lehemu mbaya (kolesteroli) hupanda, mafuta hukusanyika tumboni na presha nayo huanza kusogea. Ukikaa bila kuinuka, misuli ya mashavu ya miguu haisukumi damu kurudi juu, inatuama. Ndiyo maana jioni kandambili zinabana.

Anza na mpangilio wa chumba. Pasi na mkasi mkubwa viweke kwenye meza ya kukatia, mbali na cherehani. Ukishaunga mabega ya shati, inuka ukapige pasi mshono wake. Usirundike mashati kumi ili uyapige pasi kwa mkupuo: utaokoa dakika chache, ila utajifunga kitini. Mafundi wenzangu hunibishia hapa, na bado nashikilia. Kukata kitambaa na kupunguza nyuzi nazo ni kazi za kusimama; zipenyeze katikati ya ushonaji, usiziache zote jioni.

Uzi wa bobini ukiisha, iwe ishara yako. Simama, kaa, simama, mara tano, bila kushika meza. Goti likiuma, shika. Kisha nyanyua visigino, shusha, rudia hadi mashavu ya miguu yapate moto. Anayemeza dawa za presha ainuke taratibu asije akapata kizunguzungu.

Si mambo ya kubuni haya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, kwa miezi 3 waliwafuatilia wanawake zaidi ya 400 waliokwisha kukoma hedhi. Waliozoezwa kuinuka mara nyingi zaidi, kama mara 25 za ziada kwa siku, namba ya chini ya presha yao ilishuka kidogo.

Kutembea kuko palepale: Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kuharakisha pumzi. Vifungo na zipu nenda kanunue kwa miguu, bodaboda ibebe majora.

Pima presha zahanati hata kama hujisikii vibaya. Ikisoma 140/90 au zaidi, rudi upimwe siku nyingine na umwone daktari. Kifua kikibana, pumzi ikikata, jasho jembamba likitoka pamoja na kichefuchefu, au mguu mmoja ukivimba na kuuma, nenda hospitali saa hiyohiyo. Pindo atamalizia mwingine.