Labrador au Golden: yupi wa kuchukua kama unakaa Mtwara au Lindi

Kama nyumbani kuna watoto na unataka mbwa mkubwa asiye mkali, wengi mnaishia kwa hawa wawili, Labrador na Golden Retriever. Tabia zao zinakaribiana sana yani, wote wapole, wote wanapenda watu, dume anafika kilo 30 na kitu, na kama unatafuta mlinzi wa kung'ata wezi basi sio hawa, mgeni akija wanamkimbilia wakitingisha mkia. Kwa hiyo usihangaike kulinganisha upole. Huku kwetu angalia manyoya.

Golden katokea Scotland kwenye baridi, karne ya 19, manyoya yake marefu na yana tabaka mbili. Labrador naye ana tabaka mbili ila yake mafupi. Sasa fikiria Shangani ya Mtwara au Lindi mjini mwezi wa kwanza, joto na unyevu juu, mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi, anapoa kwa kuhema ulimi nje, na hewa ikiwa na unyevu kuhema kwenyewe kunasaidia kidogo tu. Wote wanataka kivuli na maji muda wote, ila Golden zaidi. Na jamani msimnyoe mkidhani mnamsaidia, manyoya yanamkinga na jua, na yakikatwa yanaweza kuota vibaya.

Alafu kupe. Hapa ndo pa kufikiria vizuri kabla hujatoa hela. Kupe wanaleta homa zinazoua mbwa, na Labrador ukimpitisha mkono unawagusa, Golden lazima upekue masikioni, kwapani, katikati ya vidole, kila siku, na akiingia baharini umsuuze na maji ya bomba umkaushe mpaka kwenye ngozi, la sivyo vidonda haviishi. Kama una muda wa kumpiga brashi mara tatu nne kwa wiki mchukue Golden, maana kiukweli ametulia kidogo kuliko mwenzake. Kama jioni unarudi umechoka, chukua Labrador. Mi kwa familia nyingi za pwani nasema Labrador.

Walioko Newala kule juu, hewa ina ubaridi, Golden anaweza kukaa vizuri, ila pigeni hesabu ya maji ya kunywa na kumuogesha, hali ya maji kule mnaijua wenyewe.

Shida ya Labrador ni ulafi. Watafiti wa Cambridge mwaka 2016 walikuta karibu robo yao wana kasoro kwenye jeni inayohusika na njaa, kwa hiyo mpimie chakula na watoto wasimrushie matonge ya ugali, uzito ukizidi unamuumiza nyonga. Miaka miwili ya mwanzo ana fujo pia, anaweza kumuangusha mtoto mdogo bila nia mbaya, mfundishe mapema kukaa na kusubiri. Msimu wa korosho usimuache shambani, ganda la korosho mbichi lina mafuta yanayounguza mdomo na huyu anaokota kila kitu.

Ukiagiza mtoto wa mbwa Dar, omba kumuona mama yake, hata kwa video, na usikubali mtoto wa chini ya wiki 8. Uliza kama wazazi wana shida ya nyonga, jamii zote mbili zinayo. Asisafirishwe mchana kwenye buti ya basi, ni zaidi ya kilomita 400 na joto lile linaua, asafiri usiku akiwa na mtu. Akifika, mpeleke kwa bwana mifugo aanze chanjo, ya parvo (ugonjwa wa kuharisha unaoua watoto wa mbwa) inarudiwa kila baada ya wiki chache, na ya kichaa cha mbwa apate akifikisha miezi mitatu.

Na majirani. Mitaa yetu wengi ni Waislamu, mate ya mbwa kwao ni najisi, na hawa mbwa wanapenda kumlamba kila mtu. Jenga uzio kwanza, banda liwe mbali na njia ya watu wa msikitini, ongea na jirani kabla mbwa hajafika, na mtu akigonga hodi mfunge mbwa kwanza ndo ufungue geti.