Somo: Kupasha moto chuma cha daktailo, na kinachobadilika ndani yake

Wadau, daktailo ni chuma cha kusubu ambacho grafiti (kaboni tupu) yake ni ya mviringo. Kabla ya kuwasha tanuri, kata kipande kidogo, kisugue mpaka king'ae, kiweke chini ya hadubini. Utaona vidonge vyeusi vya grafiti, mviringo, vimetapakaa ndani ya chuma. Umbo hilo hupatikana wakati wa kuyeyusha, kwa magnesi ya asilimia 0.03 hadi 0.06 hivi. Kama vidonge vimeharibika tangu kwenye kalibu, usipoteze kuni wala umeme: tanuri haliviumbi upya. Linachobadilisha ni chuma kinachovizunguka.

Hatua ya 1: Pasha. Fikisha nyuzi 870 hadi 925 za Selsiasi. Usiige joto la feleji (steel), maana daktailo ina silikoni nyingi, asilimia 2 na zaidi, nayo hupandisha joto la mageuzi. Hapo chuma hugeuka austenaiti (umbo lake la joto kali) na kufyonza kaboni kutoka kwenye vidonge. Feleji haina akiba kama hiyo. Ukipoza taratibu, kaboni hurudi ilikotoka. Ukipoza haraka, hukwama njiani. Somo zima liko hapo.

Hatua ya 2: Shikilia. Saa 1 kwa kila milimita 25 za unene. Ongeza ukiona kabaidi (mchanganyiko mgumu wa chuma na kaboni) kwenye sehemu nyembamba.

Hatua ya 3: Poza. Ukiiacha ndani ya tanuri ishuke polepole kutoka 790 hadi 650, unapata feraiti, chuma karibu kisicho na kaboni: laini, inachongeka vizuri. Daraja la 60-40-18, aina laini ya daktailo, hudai nguvu ya kustahimili kuvutwa isiyopungua MPa (megapaskali) 414 na mrefuko (kurefuka kabla ya kukatika) wa asilimia 18. Ukiipoza hewani unapata pealaiti (matabaka ya feraiti na kabaidi), yenye nguvu zaidi ila mrefuko mdogo. Ukiizamisha kwenye mafuta unapata matensaiti (ngumu sana lakini dhaifu kwa kupasuka), na hiyo usiiache hivyo: ipashe tena kati ya 425 na 600, la sivyo itapasuka kazini.

Njia ninayoipenda ni ya chumvi iliyoyeyuka, kati ya nyuzi 235 na 400. Kipande kikitoka tanurini kinaingia humo moja kwa moja na kutulia saa 1 hadi 4. Feraiti huota kama sindano, na austenaiti iliyobaki katikati hushiba kaboni kiasi cha kutobadilika hata ikipoa kabisa. Chumvi ya 370 hutoa chuma kigumu kuvunjika. Ya 260 hutoa kisicholika upesi, kwa gia na kadhalika. Ukikitoa mapema, austenaiti isiyoshiba hugeuka matensaiti. Ukikichelewesha mno, kabaidi hujitokeza na ule ustahimilivu wote unapotea.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nimepoza hewani lakini kila kidonge kina duara jeupe pembeni. Ni kasoro?*
Hiyo ni feraiti. Kaboni iliyo jirani na kidonge ina safari fupi ya kurudi, kwa hiyo eneo hilo husafishika kwanza. Maana yake kipande kilipoa taratibu kuliko ulivyodhani. Kitenge na vingine, kipulizie feni.

*Naweza kulainisha bila kufika 870?*
Unaweza. Kaa kwenye 700 hadi 720 kwa saa kadhaa, pealaiti itavunjika yenyewe. Lakini kabaidi ngumu haitikisiki hapo. Hiyo inataka 900 na kitu.

*Kipande kinene, katikati kimetoka pealaiti ingawa nilitumia chumvi.*
Moyo wake ulichelewa kupoa. Chumvi haina kosa. Vipande vya namna hiyo huongezewa nikeli, shaba au molibdenamu wakati wa kuyeyusha, ili pealaiti isiwahi.

*Tuchonge kabla ya chumvi au baada?*
Kabla, fundi. Baada ya chumvi, austenaiti iliyo chini ya ncha ya kisu hugeuka matensaiti kwa kule kubanwa tu, na visu vitakwisha. Ila vipimo huongezeka kidogo ndani ya chumvi, kwa hiyo pitisha kipande kimoja kwanza, kipime, ndipo uchonge vilivyobaki.