Kukarabati Kijumba Kikuukuu cha Pikapu Kiwe Makao Pwani

Ukinunua kijumba kikuukuu cha kubebwa mgongoni mwa pikapu kwa nia ya kuishi ndani yake, usianze na makabati wala mapazia. Anza na kuvuja. Hewa ya Mombasa, yenye chumvi na unyevu, haikawii kufichua kila tundu ambalo muuzaji alilifunika kwa rangi.

Mwagia paa maji kwa mpira kwa muda wa nusu saa, mwenzako akiwa ndani na tochi, akikagua pembe za madirisha na maungio ya paa. Kisha udunge kwa bisibisi mbao za fremu zilizo chini ya madirisha: ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, ubao huo umeoza na hauna budi kutolewa, hata kama nje yake inang'aa. Gundi ya zamani ya kuzibia maungio ikwangue yote kabla ya kutia mpya, kwa maana kupaka juu ya ile kuukuu ni kuyafungia maji ndani. Mafundi wa majahazi hung'oa kalafati mbovu, yaani pamba ya kuziba nafasi kati ya mbao, kwanza ndipo wakakalafati upya, na sababu ni hiyo hiyo.

Fundi mmoja aliwahi kunifungia bati za alumini kwa skrubu za chuma cha kawaida. Kabla ya vuli kwisha, kila skrubu ilikuwa imezungukwa na unga mweupe na bati limeanza kutoboka, kwa sababu metali hizo mbili zikigusana penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Tumia skrubu za chuma kisichoshika kutu, na hizo nazo uzitenganishe na bati kwa washa (pete bapa) za plastiki.

Joto hupunguzwa kwa matundu mawili: dirisha la chini, utakaloelekeza kunakovuma kusi au kaskazi kwa msimu wake, na tundu la paani lenye feni ya kutoa hewa. Godoro usililaze juu ya plaiwudi tupu, litaota kuvu. Kitanda cha kamba, kama vya wazee wetu, hupitisha hewa vizuri zaidi.

Kuhusu umeme, piga hesabu kabla ya kununua. Betri ya risasi na asidi, kama ile ya gari, ya ampea-saa 100 (yaani ampea 1 kwa saa 100) haifai kutumiwa zaidi ya nusu yake, yaani 50. Feni ya ampea 2 ikizunguka saa 8 hula 16, na friji ndogo ya volti 12 katika joto letu yaweza kula 40 kwa siku, tayari umepita. Ama uongeze betri na paneli za sola, ama uachane na friji ununue samaki wa siku hiyo hiyo, na mimi nilichagua samaki. Paneli ilale bapa, kwani Mombasa iko kama nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, ila uiachie nafasi chini ipozwe na upepo. Fyuzi ikae karibu kabisa na ncha chanya ya betri.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo sanduku la mtungi lizibwe upande wa ndani na liwe na tundu sakafuni linalotokea nje. Viungo vya mpira wa gesi vijaribiwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

Mwisho ni uzito. Madumu matano ya lita 20 ni kilo 100 za maji peke yake, kwa hiyo yapange chini, mbele ya ekseli ya nyuma. Ukiyarundika mkiani, spring zitalala, na siku utakayoshuka feri ya Likoni maji yakiwa yamekupwa utasikia nyuma ya gari ikikwaruza chuma.