Ukikuta mti uliogeuka jiwe, usome hivi

Wadau wa Tanga, ukikuta kipande cha mti uliogeuka jiwe usikivunje wala usikibebe, piga picha na uandike umekiona wapi, maana mwamba kiliomo ndio nusu ya stori. Lowanisha kidogo pale palipokatika, chukua lenzi ya kukuza mara 10, tafuta pete, yaani ile mistari ya duara ya ukuaji wa mti. Pete zikiwa wazi ujue kulikuwa na misimu, mti ulikua ukasimama ukakua tena, zisipoonekana huenda hali ya hewa ilikuwa ileile mwaka mzima, ila miti mingine haichori pete hata kukiwa na kiangazi kwa hiyo angalia vipande vingi. Kule Antaktika penye barafu kuna miti ya zaidi ya miaka milioni 250 yenye pete kabisa, yaani palikuwa msitu!

Halafu cheki vitundu. Vidogo kama vya sindano ni mti wa maua, kama mvule, bila vitundu mara nyingi ni jamii ya misonobari. Ukiona mashimo mapana yenye ukuta wa chokaa, kama yale ya ngalawa chakavu, hayo ni ya wale chaza wanaotoboa mbao, basi gogo hilo lilielea baharini kabla ya kuzikwa.