Usiitoe Lavenda ya Tishu Chupani na Kuipeleka Juani

Wakulima wa nyanda za juu walioanza kununua miche ya lavenda iliyozalishwa maabara kwa njia ya tishu, yaani kukuzwa chupani kutokana na kipande kidogo cha mmea, huniita kwa lalamiko lilelile, kwamba wameuziwa miche mibovu, na karibu kila ninapofika naikuta trei imeanikwa uani, miche imelala kama mchicha uliochemshwa. Miche haikuwa mibovu. Ilitolewa chupani asubuhi ikawekwa juani siku hiyohiyo.

Nadhani kosa hili tumelirithi kwenye migomba. Mgomba wa tishu humfikia mkulima ukiwa kwenye mfuko wa udongo, umekwisha kuzoeshwa kitaluni kwa majuma kadhaa, ilhali lavenda wengi wenu mnaichukua ikiwa bado chupani kwa kuwa bei yake ni nafuu. Unafuu huo ni kazi ambayo mwenye kitalu hakuifanya, na sasa ni yenu. Ndani ya chupa unyevu wa hewa hukaribia asilimia 100, kwa hiyo jani hukua na utando mwembamba mno wa nta, na vitundu vyake vya kupumulia haviwezi kujifunga sawasawa. Likitolewa ghafla hupoteza maji kabla mizizi haijaweza kuyafidia.

Toeni miche jioni. Osheni mizizi kwa maji vuguvugu, mkiyabadilisha mara tatu, hadi jeli yote iliyolisha miche chupani itoke, maana jeli hiyo huwa na gramu 20 hadi 30 za sukari kwa lita na mabaki yake hualika ukungu. Mche ambao majani yake yanang'aa kama kioo na kukatika yanapokunjwa, utupeni. Pandeni kwenye pumisi (jiwe jepesi la volkano lenye vitundu) au mchanga wa mto sehemu mbili na kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) sehemu moja. Samadi haitakiwi hapa, nimeshalisema hili mpaka nimechoka.

Funikeni trei kwa nailoni angavu chini ya neti ya kivuli. Siku 7 za kwanza msifunue, isipokuwa kupuliza maji kama umande kwa bomba la mkono. Maji yakichuruzika chini ya trei, mmezidisha, na lavenda huoza mizizi upesi. Siku ya 8 fungueni nusu saa, saa moja asubuhi, wala si saa sita mchana "ili ipumue" kama nilivyoambiwa juzi. Kuanzia siku ya 12 iwe saa mbili kwa siku, siku ya 15 nusu ya siku, na siku ya 21 nailoni iondolewe. Baada ya hapo miche ikae wiki mbili chini ya neti, ndipo ionje jua kamili.

Mche uliokufa haurudishwi kwa mbegu. Lavandini, mojawapo ya aina za lavenda, ni chotara tasa, yaani haitoi mbegu ziotazo, na lavenda ya kweli ikioteshwa kwa mbegu hutoa mimea isiyolingana, huu ukiwa na asidi ya rosimariniki nyingi na ule kidogo, jambo lisilomfaa mnunuzi anayetafuta asidi hiyo, ambayo ni antioksidanti (kizuia uharibifu unaoletwa na oksijeni), kwa kiwango kimoja katika shehena nzima.

Jani jipya likitoka gumu, la kijivu na lenye harufu, mche umeshika.

Aliye na chupa leo na hajatengeneza kibanda cha nailoni na neti aziache zimefungwa, ndani ya nyumba, penye mwanga lakini pasipopigwa na jua, mpaka kibanda kikamilike.