Somo: Jifunze Python kwa kumaliza zoezi moja

Wadau, habari za leo. Wengi mmeniomba orodha ya video za kujifunzia Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Leo sitoi orodha. Naamini mtu anajua kuandika programu baada ya kuhangaika na zoezi mpaka likubali, kwa hiyo tuchukue moja tu tulimalize pamoja.

Ni zoezi la kwanza la Project Euler, mkusanyiko wa mafumbo ya hesabu ulioanzishwa na Colin Hughes mwaka 2001. Linataka jumla ya namba zote zilizo chini ya 1000 zinazogawanyika kwa 3 au kwa 5 bila baki.

Hatua ya 1: Anza na karatasi. Namba 1000 ni nyingi, kwa hiyo fanya kwanza kwa 10. Zinazofaa ni 3, 5, 6 na 9. Jumla yake ni 23. Sasa una jibu la kupimia programu yako. Wengi wanairuka hatua hii, nami naisisitiza kuliko zote: asiye na jibu dogo la uhakika atapokea namba yoyote itakayotoka kwenye kioo na kudhani amefaulu.

Hatua ya 2: Sema kwa Kiswahili ulichofanya. "Nilipitia namba moja moja. Kila namba nikaiuliza: unagawanyika kwa 3 au kwa 5? Iliyokubali nikaiongeza kwenye jumla." Hapo kazi ya kufikiri imekwisha.

Hatua ya 3: Andika.

```
jumla = 0
for namba in range(1, 10):
    if namba % 3 == 0 or namba % 5 == 0:
        jumla = jumla + namba
print(jumla)
```

Neno for linapitia namba moja moja, if ndilo lile swali letu, na print inaonyesha jibu kwenye kioo. Alama ya % inatoa baki: 9 % 3 ni 0, 10 % 3 ni 1. Alama == inauliza kama pande mbili ni sawa, ilhali = moja inaweka thamani. Angalieni sana range(1, 10): inaanzia 1 na kuishia 9, ile 10 haimo. Majina "jumla" na "namba" nimeyachagua mwenyewe. Python haidai majina ya Kiingereza, na kwa anayeanza naona Kiswahili kinasaidia kuona kinachoendelea.

Hatua ya 4: Endesha. Ikitoka 23, badilisha 10 iwe 1000. Utapata 233168. Isipotoka 23, usiguse 1000 kwanza. Weka print(namba) ndani ya if, uone ni namba zipi zimepita.

Mazoezi mengine ya wanaoanza yapo bure kwenye tovuti za Exercism na HackerRank. Msifungue majibu ya wengine kabla ya kupata la kwenu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, mimi nina simu tu, sina kompyuta. Nitaweza?

Jibu: Utaweza kabisa. Kwa simu za Android kuna Pydroid 3, programu ya kuandika na kuendesha Python kwenye simu. Ukishaisakinisha, zoezi kama hili linafanyika hata bila bando.

Swali: Mwalimu, nilijumlisha za 3 peke yake, kisha za 5, nikaunganisha. Nimepata 266333. Nimekosea wapi?

Jibu: Swali zuri sana hili. 15 inagawanyika kwa 3 na pia kwa 5, kwa hiyo umeihesabu mara mbili, pamoja na 30, 45 na wenzao wote. Jumla ya hizo chini ya 1000 ni 33165. Itoe kwenye 266333, utafika 233168. Neno "or" linakuepusha na hilo kwa sababu kila namba inapita mara moja tu.

Swali: Kwangu inatoa mistari mingi badala ya jibu moja.

Jibu: Umesogeza print ndani. Python inasoma nafasi za mwanzo wa mstari ili ijue kipi kiko ndani ya kipi. Irudishe ukingoni, ilingane na for.

Swali: Kaka, nataka mtumiaji achague kikomo mwenyewe. Nimeandika kikomo = input("Kikomo: ") lakini range inagoma, inaleta ujumbe wa kosa: TypeError.

Jibu: Dada, input inarudisha maandishi hata mtu akiandika 1000. Yageuze kuwa namba: kikomo = int(input("Kikomo: ")), kisha range(1, kikomo). Mtu akiandika "elfu moja" kwa herufi, utaona kosa jingine, ValueError. Hiyo tutaishughulikia somo lijalo kwa try na except.