Uzi wa kamba za meli ya mbao upitishe kwenye nta kwanza

Wakuu mnaounga meli yenu ya kwanza ya mfano, ile ndogo ya mbao inayokuja vipande vipande kwenye boksi, kabla hujaanza kufunga kamba za milingoti chukua kipande cha nta ya nyuki, bonyeza uzi juu yake kwa dole gumba halafu vuta, mara mbili tatu inatosha, kisha upitishe katikati ya vidole ukibana mpaka usikie joto. Ule uzi wa pamba unaokuja kwenye boksi una manyoya manyoya, ukishika vumbi (na vumbi la Iringa mnalijua) meli inakuwa kama imeota ukungu, nta inayalaza hayo manyoya, fundo halifunguki ukigeuka kutafuta mkasi, na unyevu hauingii sana kwahiyo kamba hazichezi ovyo mvua zikianza. Nta ulizia kwa wauza asali, ila isiwe imechanganywa na mshumaa. Sasa kwa baridi ya Mbeya mwezi wa sita na wa saba nta inakuwa ngumu inavunjika vunjika juu ya uzi, ishike kwanza kiganjani ilainike. Pale inapokataa ni kwenye rangi na gundi: uzi unaotaka kuupaka rangi upake kwanza ukauke ndo nta ifuate, maana nta ikitangulia rangi haishiki, na gundi nyeupe ya mbao nayo inateleza tu, ncha ya kugundisha iache kavu. Kama uzi wako ni wa polyesta na hauna manyoya wala usijisumbue.